Siku Saba Melini na Matineja Wawili

Ukitaja meli ya kitalii, watu wengi wanaona picha ile ile: wazee wa Kizungu wamevaa kaptula, kofia pana, kitabu kifuani, wamejilaza pembeni ya bwawa. Na kiukweli picha hiyo haijakosea sana. Panda sitaha ya juu saa 3 asubuhi, utawakuta. Ila rudi pale pale saa 5 usiku, msomaji wangu. Wazee wameshalala, na meli imechukuliwa na kizazi kingine kabisa: vijana wa miaka 15, 16, 17, makundi ya watu kumi kumi, nywele bado mbichi kwa maji ya bwawa, vipande vya piza mkononi, wanacheka kitu ambacho wewe hutakaa ukijue.

Niliwaona kwa siku saba mwezi Julai 2023. Dada yangu anaishi Houston, ni nesi, na kwa miaka mingi alikuwa akisema "mdogo wangu, siku moja tutapanda meli wote". Siku hiyo ilifika kwa sababu moja: binti yake alikuwa na miaka 16, kaka mtu ana 19, na dada aliona kabisa kwamba hiyo ndiyo likizo ya mwisho ambayo angewapata wote wawili kwa amri yake. Baada ya hapo itabidi awaombe.

Hoja ya pili ilikuwa ya vyumba. Tulichukua viwili. Mimi nikalala na binti. Dada na shemeji wakachukua kile kingine, na kaka mtu, kijana wa chuo mwenye ndevu, akapewa sofa inayokunjuliwa kuwa kitanda, hatua mbili kutoka kwenye miguu ya wazazi wake. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Meli nyingi za Marekani zinazokwenda Karibiani huondokea Miami, Fort Lauderdale au Port Canaveral kule Florida. Watu wa Houston wao wana bahati, bandari yao ni Galveston, kama kilometa 80 tu kwa gari. Ni kisiwa kirefu chembamba, mji wa nyumba za mbao na upepo wa chumvi, wenye historia nzito kuliko unavyoonekana. Ni hapo, tarehe 19 Juni 1865, jenerali wa serikali kuu alitangaza kwamba watumwa wa Texas wako huru, na siku hiyo ndiyo Wamarekani leo wanaiadhimisha kwa jina la Juneteenth. Ni hapo pia kimbunga cha mwaka 1900 kiliua watu wasiopungua 6,000. Dada aliwasimulia watoto yote haya ndani ya gari. Binti alikuwa na spika masikioni.

Sasa tuje kwenye shughuli yenyewe.

Makampuni makubwa ya meli yamegawa watoto kwa umri, na kwa baadhi yao kundi la juu kabisa ni la miaka 15 hadi 17. Carnival wanaliita Club O2. MSC nao wana klabu ya 15 hadi 17 peke yao. Norwegian wanachanganya 13 hadi 17. Kila klabu ina chumba chake, mara nyingi sitaha ambayo wewe mzazi huna sababu ya kupita: makochi, michezo ya video, muziki, taa za rangi, na wasimamizi vijana ambao kazi yao ni kuhakikisha hakuna anayekaa pembeni mwenyewe. Pombe hakuna, sigara hakuna, wazazi hakuna. Kijana anaingia na kutoka anavyotaka, hasainiwi na mtu kama mtoto wa chekechea.

Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna kipeperushi kinachokwambia: kila kitu kinaamuliwa usiku wa kwanza. Ile jioni ya kuondoka, kabla hata watu hawajafungua mabegi, klabu inafanya mkutano wa kufahamiana. Vijana sitini au mia hawajuani, wote wana aibu, wote wanajifanya hawana. Wanapewa mchezo wa kipuuzi, labda kutafuta vitu meli nzima kwa makundi. Kufika saa 6 usiku makundi yameshaundwa. Anayekuja usiku wa tatu anakuta watu wana utani wao, wana majina yao ya kupachikana, na yeye ni mgeni kwenye harusi ya watu.

Binti hakutaka kwenda. "Ma'mdogo, ni ya watoto." Dada akaanza kuhubiri, nikamkonyeza anyamaze. Nilimwambia binti twende wote tutafute aiskrimu, njia ikapita mlangoni pa klabu (nakiri ilipita kwa kupangwa), na mlangoni alikuwa amesimama msichana mwingine mwenye sura ile ile ya "sitaki kuingia". Wakatazamana. Wakaingia pamoja. Mimi aiskrimu nilikula mwenyewe.

Aliporudi chumbani ilikuwa saa 7 na dakika kumi usiku. Dada alikuwa amesema saa 4.

Ebwana, asubuhi ile sitaisahau. Mama wa Kitanzania amelea mtoto Houston kwa sheria za Moshi, na saa 4 ndiyo saa 4. Binti akajibu kwa hoja, siyo kwa jeuri, na hilo ndilo lililomuumiza mama yake zaidi: klabu yenyewe inafungwa saa 7, sheria ya meli inasema walio chini ya miaka 18 wasizurure baada ya saa 7 bila mzazi, sasa saa 4 imetoka wapi? Kila kitu kizuri kinaanza saa 4! Na alikuwa sahihi. Nilichukua ile ratiba ya karatasi nikaisoma: saa 4 na nusu mchezo wa mpira wa kurushiana uwanjani, saa 5 karaoke, saa 5 na nusu bwawa linafungwa kwa ajili ya matineja tu. Kumrudisha kijana saa 4 ni sawa na kumpeleka kwenye harusi ukamtoa kabla bibi harusi hajaingia.

Shemeji, ambaye kwa kawaida hana maneno mengi, alileta suluhu iliyodumu wiki nzima. Saa 7 kamili, siyo na dakika kumi. Chakula cha jioni familia nzima mezani, bila ubishi, bila simu. Na ukihama kutoka sehemu moja kwenda nyingine baada ya saa 5, unaacha ujumbe. Binti akakubali haraka mno, dada akahisi amepigwa bei.

Kuhusu huo ujumbe. Katikati ya Ghuba ya Mexico simu yako haina mtandao wa kawaida. Intaneti ya setilaiti ipo, na tangu 2022 makampuni yalipoanza kufunga Starlink imekuwa ya kasi kweli, lakini inalipiwa kwa siku na kwa kifaa, na ukiwa na familia ya watu watano bili inapanda. Meli nyingi zina programu yao ya simu ya kuchati ndani ya meli. Hata hivyo matineja wana njia yao ya kale: milango ya vyumba ni ya chuma, kwa hiyo wanabandika kibao chenye sumaku na kalamu. "Tuko piza." "Njoo uwanjani." Nilipita ushoroba wa sitaha yetu siku ya tatu nikaona milango minne mitano imejaa mwandiko, nikakumbuka bweni.

Wanafanya nini hasa? Nilidhani jibu ni yale makubwa ya kwenye matangazo. Kuna meli zina ukuta wa kukwea, zina mawimbi ya kutengeneza ya kuteleza kwa ubao, zina uwanja wa barafu. Royal Caribbean walianza hayo ya ukuta na barafu mwaka 1999 kwenye Voyager of the Seas. Yote bomba, na siku ya kwanza wanayapangia foleni. Baada ya hapo wanachofanya zaidi ni kutembea. Kundi linapanda lifti hadi juu, linashuka kwa ngazi, linakaa kwenye jakuzi mpaka vidole vinakunjamana, linakwenda kula, linatembea tena. Wanaongea. Kwa kijana wa Houston ambaye hawezi kwenda popote bila gari la mama, kule kuwa na mji mzima wa watu elfu tatu unaozungukika kwa miguu, chakula bure, bila kuomba lifti kwa mtu, ni kitu kikubwa kuliko wimbi lolote la kutengeneza.

Usiku wa mavazi rasmi walipendeza hao! Meli nyingi zina jioni moja au mbili za kuvaa vizuri. Vijana walijipanga kwenye ngazi kubwa ya ukumbini, mashati ya kuazimana, viatu virefu vinavyoyumba kwa sababu bahari nayo ilikuwa inayumba, wanapigana picha kana kwamba wamefahamiana toka shule ya msingi. Katikati ya picha nikamwona binti wetu, na pembeni yake kijana mrefu wa Oklahoma. Dada naye akamwona. "Yule nani?" Shemeji akasema, "Mwache apige picha."

Tusizunguke, hilo ndilo swali la kila mzazi. Klabu ina wasimamizi, korido zina kamera, lakini meli siyo malaika. Vyumba vipo, pombe ipo kwa wakubwa, na watu wasio na nia njema wanapanda meli kama wanavyopanda basi. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa meli za abiria: mlango wa chumba uwe na tundu la kuchungulia, reli za pembeni zifike inchi 42, na makosa makubwa yakitokea yaripotiwe FBI. Sheria hiyo haikutungwa kwa kubahatisha. Dada alizungumza na binti yake siku ile ya pili, na nilikuwepo, na alizungumza vizuri kuliko nilivyotegemea: huingii chumba cha mtu, humkaribishi mtu chumbani, hunywi kitu usichokiona kikimiminwa, na ukikwama unanipigia simu ya chumbani hata kama umevunja sheria zote tatu, nitakuja bila kuuliza. Hicho kipande cha mwisho naona kilimgusa binti.

Sasa kaka mtu.

Miaka 19 kwenye meli inayotoka Marekani ni umri mbaya kabisa. Klabu ya matineja inaishia 17, na haijalishi kama una rafiki mle ndani, mlangoni wanaangalia kadi. Pombe ni mpaka 21. (Alilalamika kwamba Tanzania angekuwa ameruhusiwa tangu 18, mama yake akamwambia basi rudi Tanzania.) Disko la wakubwa anaruhusiwa kuingia, anakuta watu wa miaka 40 wanacheza nyimbo za harusi. Kwa hiyo kijana huyu alilala sofani miguuni pa wazazi, akaamka, akala, akakaa kibarazani na spika masikioni. Siku ya kwanza, siku ya pili. Nilimuuliza msimamizi mmoja kama kuna chochote kwa rika lake, akanijibu kwa tabasamu kwamba wanaweza kushiriki shughuli zote za watu wazima. Ndiyo, pamoja na bingo.

Kampuni moja ninayoijua imelifikiria hili kwa jina: Disney wana 1820 Society, mikutano ya walio na miaka 18 hadi 20. Kampuni tuliyopanda sitaitaja.

Aliyemwokoa ni mhudumu wa meza yetu. Wafanyakazi wa meli huvaa kibao kifuani chenye jina na nchi: Ufilipino, India, Indonesia, Peru. Huyu kibao chake kilisema Kenya, na dada hajakaa vizuri tayari ameshamsalimia. Kijana wa Mombasa, miaka 24, mkataba wake wa tatu. "Shikamoo mama. Nyinyi mwatoka Bongo?" Basi, meza yetu ikawa ya nyumbani. Wafanyakazi hawaruhusiwi kukaa na abiria baada ya kazi, kwa hiyo mazungumzo yote yalikuwa ya dakika mbili mbili, kati ya supu na samaki. Siku kaka mtu alipolalamikia sofa, yule akaweka sahani chini taratibu akasema, "Ndugu yangu, wewe una sofa juu ya maji. Mimi nina kitanda chini ya maji, na mwenzangu akikoroma mimi ndiye nasikia." Ni kweli, mabweni ya wafanyakazi wengi yako chini kabisa, usawa wa bahari au chini yake, vyumba vya watu wawili bila dirisha. Kaka mtu alicheka kwa mara ya kwanza tangu Galveston. Tangu hapo alikuwa wa kwanza kufika mezani.

Bandari nitazipitia kwa haraka, isipokuwa moja. Belize meli kubwa haifiki gatini, inatia nanga mbali na abiria wanahamishwa kwa boti ndogo. Vijana walipenda boti kuliko mji. Cozumel, Mexico, maji ni ya rangi ambayo ukiipiga picha watu wanadhani umeichezea, na binti aliogelea na kioo cha kuangalia chini mpaka mgongo ukaungua. Jioni ya Cozumel kuna mchezo mmoja wa bure: meli ikikaribia kuondoka, abiria wanajipanga juu kushangilia waliochelewa wakikimbia gatini na mifuko ya ununuzi. Matineja walikuwa mstari wa mbele. Ni wakatili sana.

Lakini Roatán, kisiwa cha Honduras, ilitushika. Tulikodi gari kwenda Punta Gorda, kijiji cha Wagarifuna. Hawa ni uzao wa Waafrika na wenyeji wa asili wa kisiwa cha St. Vincent, watu ambao Waingereza waliwashinda vitani wakawapakia melini na kuja kuwatupa hapo Roatán mwaka 1797. Waingereza walidhani wamewamaliza. Leo wana lugha yao, ngoma zao, na UNESCO iliutangaza urithi huo mwaka 2001. Tulikuta kina mama wanatwanga ndizi kwenye kinu, kinu na mchi kabisa, na samaki wa nazi jikoni. Kaka mtu alisimama akaangalia kinu muda mrefu. Kisha akaomba mchi. Akatwanga vibaya, wakamcheka, mama mmoja akamrekebisha mikono. Wakati ngoma ya punta inapigwa, yule yule aliyekaa kibarazani siku mbili alikuwa katikati.

Sijui kama ni hicho kilichomfungua au ni kitu kingine. Usiku uliofuata, mezani, kabla ya kitindamlo, akasema ameacha famasia. Tangu Januari. Amehamia kusomea ufundi wa sauti, ada ameshalipa kwa kufanya kazi dukani, na hakujua namna ya kusema.

Dada amefanya zamu za usiku miaka kumi na moja kwa ajili ya ile famasia. Aliweka uma chini. Nyumbani, naapa, angenyanyuka akaenda chumbani akafunga mlango, na kijana angechukua gari akaondoka, na wangezungumza Desemba. Melini hakuna gari. Hata chumbani ni kule kule, sofa na kitanda hatua mbili. Mhudumu wetu alikuja na sahani za kitindamlo, akasoma hali, akageuka nazo. Binti akamshika mama yake mkono. Saa ilikuwa inakaribia 4 na karaoke ilikuwa inamsubiri, lakini hakunyanyuka.

Shemeji alimwambia kijana, "Twende nje." Niliwaona baadaye nikipita sitaha ya 5, wamesimama relini kwenye giza, mmoja anaongea, mwingine anatikisa kichwa. Sikusogea. Niliporudi baada ya saa nzima walikuwa bado pale, ila sasa anayeongea alikuwa yule mwingine.

Dada hakukubali usiku ule, wala kesho yake. Siku ya mwisho ya baharini alimuuliza mwanawe swali moja tu mbele yangu: hiyo sauti inalipa? Akajibiwa kwa urefu. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa dada yangu hilo ni jambo.

Kwa mnaopanga, wewe na mwenza wako ambao leo mtoto wenu bado anavaa nepi, au mnaosafiri na mdogo wenu wa sekondari: umri unaohesabiwa ni ule wa siku ya kupanda meli, na mtoto anayetimiza 18 wiki moja kabla ya safari ameshatoka klabu. Mtu wa chini ya miaka 21 kwenye meli nyingi za Marekani lazima asafiri na mtu mzima, hawezi kuchukua chumba na washikaji zake. Bahashishi hukatwa kila siku kwa kila mtu, wakati ule ilikuwa kama dola 16, na soda mara nyingi hazimo kwenye bei, matineja wanazinywa kama maji. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na nahodha anaweza kubadilisha bandari bila kukuomba ruhusa. Mambo ya viza yanabadilika badilika, uliza ubalozini na kampuni ya meli kwa kila bandari kabla hujatoa hata senti. Na wasioitaka safari ya Marekani, kwa misimu mingi MSC wamekuwa wakiondokea Durban kwenda pwani ya Msumbiji, klabu za vijana zikiwamo. Angalieni ratiba ya msimu husika.

Usiku wa mwisho mabegi yanawekwa nje ya mlango kabla ya kulala, na ushoroba mzima unakuwa kama stendi. Katikati ya mabegi hayo matineja walikuwa wamekaa chini wanaandikiana anwani za Instagram na kulia. Kulia kweli kweli, kwa watu waliofahamiana Jumapili. Kijana wa Oklahoma alikuja kumuaga dada kwa mkono, akamwita "ma'am", dada akamjibu vizuri kupita kiasi. Binti aliingia chumbani saa 7 kasoro dakika mbili.

Sasa amevuka 18, yuko chuo, na kaka yake anafunga spika kwenye kumbi za Houston. Juzi dada alinipigia simu, anataka turudi tena wote. Amefanya utafiti wake, ameangalia nani anawajali wa 18 hadi 20, amegundua Disney nao huondokea Galveston baadhi ya misimu. Nikasikia sauti ya binti kwa nyuma:

"Mama. Mickey Mouse, kweli?"